Kuhama mtandao Bukavu: kisa cha mama muuza sambaza wa Panzi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwaka 2024, mjini Bukavu, kando ya ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo (RDC). Kinamhusu mama mmoja anayeuza kwa jumla sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye meza yake katika soko la Kadutu na nyumba yake Panzi, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto Ruzizi. Jina lake sitalitaja, wala sitaitaja mitandao miwili iliyohusika, kwa kuwa yaliyompata yangeweza kumpata mteja wa mtandao wowote kati ya ile inayojulikana nchini, yaani Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Mmoja nitauita mtandao wa zamani na mwingine mtandao mpya. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu swali aliloliuliza, «mtandao gani ni mzuri hapa Bukavu?», ndilo ninaloulizwa kila mara na watu wanaoniletea simu zao kutengenezwa, na katika mji wa vilima kama huu swali hilo halijibiki mpaka liulizwe kwa namna nyingine: ni mnara gani unaoifikia nyumba yako, saa ngapi, na wanaokupigia wako wapi?

Namba yake ya zamani alikuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Wateja wa Kadutu wanaijua, wanunuzi wa Walungu na Uvira wanaijua, na zaidi ya wote wanaijua wale wanaomletea mzigo kutoka Idjwi na Kalehe. Biashara ya sambaza ina saa zake. Wavuvi hutoka na taa usiku, samaki hufika ufukoni asubuhi na kuanikwa juani mchana, na ni jioni, mama akiwa amekwisha rudi Panzi, ndipo mwenye mzigo hupiga simu kumwambia ana mifuko mingapi ya kupakia kwenye boti ya kesho na anataka bei gani. Simu hiyo isipopokelewa mzigo huenda kwa mnunuzi mwingine.

Sokoni simu yake haikumsumbua hata siku moja. Nyumbani ilimsumbua kwa namna ambayo hakuweza kuielewa. Ujumbe wa WhatsApp uliingia, polepole lakini uliingia, ilhali aliyempigia aliambiwa kwamba namba haipatikani. Simu iliyotoka sokoni ikiwa na chaji ya kutosha ilikuwa imekwisha zima kabla ya alfajiri, ingawa hakuna aliyeigusa usiku kucha. Tena mara kwa mara jina la mtandao wa Rwanda lilitokea juu ya kioo, likakaa kidogo, likapotea.

Shemeji yake anayekaa Nguba, karibu na ziwa, alimpa dawa aliyokuwa nayo: «Shemeji, kwangu rezo iko fulu, wewe badilisha tu.» Rezo, kwetu, ni mawimbi ya simu, na alisema kweli kuhusu Nguba. Mama akanunua kadi ya mtandao mpya kwenye kabine, kibanda cha huduma za simu, iliyo karibu na soko, akaisajili kwa kadi yake ya mpiga kura, akaitia ndani ya simu, na kadi ya zamani akaifunga ndani ya kitambaa na kuiweka kabatini. WhatsApp akaifungua upya kwa namba mpya, badala ya kuhamisha namba ndani ya akaunti aliyokuwa nayo.

Siku chache zilitosha kuonyesha gharama yake. Wanunuzi wa Uvira walituma malipo kwenye namba wanayoijua, na ujumbe wa kuthibitisha ukawa unamsubiri kwenye kadi iliyolala kabatini. Mama, kwa kutouona, akadhani hajalipwa na akazuia mzigo wa mtu aliyekwisha lipa. Vikundi vya WhatsApp vya wauzaji havikuitambua namba mpya. Wa Idjwi, ambao karibu wote wako kwenye mtandao wa zamani, wakawa wanambipu na kukata, kwa kuwa vifurushi vyao ni vya kupigiana ndani ya mtandao wao na kupiga kwenye mtandao mwingine kunamaliza inite (salio la simu) haraka. Rezo ya nyumbani kweli iliongezeka, lakini sokoni, saa za mchana watu wanapojaa, mtandao mpya ulizidiwa kiasi kwamba picha moja ya mfuko wa sambaza ilikaa muda mrefu bila kutumwa. Hapo ndipo alipofika kwangu, akitaka nimwambie arudi alikotoka au avumilie.

Jambo la kwanza tulilokubaliana lilikuwa kupima, na kupima nyumbani kwake, saa zile zile za jioni. Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu havitoshi kwa kazi hii, kwa maana kila kiwanda huvichora kwa kipimo chake, na simu mbili zilizowekwa bega kwa bega kwenye mtandao mmoja zinaweza kuonyesha vijiti viwili na vinne. Kipimo cha kweli ni nguvu ya mawimbi kwa dBm, ambayo kwenye simu za Android hupatikana ndani ya mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu na hali ya kadi. Kwenye simu nyingi za aina hiyo hupatikana pia kwa kuandika *#*#4636#*#* mahali pa kupigia. Namba hiyo husomwa ikiwa chini ya sifuri: 70 ni nguvu nzuri, 90 inaridhisha, na ukifika 110 simu inahangaika. Kila inapoongezeka 10, nguvu inayofika imepungua mara kumi. Anayepima akumbuke pia kwamba kipimo cha 2G na cha 4G havilinganishwi moja kwa moja, hivyo alinganishe 2G kwa 2G na 4G kwa 4G.

Chumbani kwa mama, mtandao wa zamani ulionyesha 108 kwenye 2G. Mlangoni, hatua chache tu kutoka hapo, ulipata nafuu hadi 95. Uani, mahali ambapo nyumba ya jirani haizuii, ulikuwa bora zaidi. Vipimo hivi viliniambia mengi kuliko sifa zote zinazosemwa mjini kuhusu mtandao huu na ule. Nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo uliochongwa ili kupata kiwanja, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za miteremko ya Bukavu, na mnara wa mtandao wa zamani uko upande wa ukingo huo. Juu kuna mabati, ambayo hurudisha mawimbi badala ya kuyapitisha. Chumba anacholala kiko upande wa ukingo, na simu alikuwa akiiweka huko huko, kando ya kitanda, kwenye soketi ya kuchajia.

Mnara hufanya kazi kama taa iliyowekwa juu ya kilima: huangaza kile inachokiona, na bonde lililojificha nyuma ya bega la kilima kingine hubaki gizani hata kama liko karibu. Mawimbi ya redio hujikunja kidogo kwenye kingo, na yale marefu hujikunja zaidi. Wimbi la 900 MHz, ambalo 2G imelizoea, lina urefu wa sentimita 33 hivi, ilhali la 2100 MHz, ambalo 3G hulitumia sana, lina kama sentimita 14 tu. Ndiyo maana katika mabonde yetu mtu hupoteza 3G kwanza na 2G mwisho, na ndiyo maana simu ndogo ya vibonye hupokea mahali ambapo simu ya kisasa imekata tamaa. Bukavu, iliyoko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ikiwa na rasi zinazoingia ziwani na makorongo yanayotenganisha kata na kata, inaweza kumpa jirani wa juu rezo kamili na kumnyima wa chini kabisa, wakiwa wateja wa mtandao mmoja na wenye simu za aina moja.

Kuhusu ujumbe kuingia na simu ya sauti kukosekana, chanzo kilikuwa ndani ya simu yenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hutumia 4G kwa intaneti peke yake. Mtu anapokupigia, mtandao huiamuru simu yako ishuke kwenye 3G au 2G ili ipokee sauti, na kazi hiyo hufanyika ndani ya sekunde chache. Chumbani kwa mama, 4G ilifika kwa udhaifu, 3G haikuwepo, na 2G ilikuwa ukingoni mwa kupotea, kwa hiyo simu iliitwa ishuke, ikatafuta pa kukanyaga, ikachelewa, na mpigaji akaambiwa kwamba namba haipatikani. WhatsApp ikaendelea kujikokota juu ya 4G ile ile dhaifu, jambo lililomfanya mama aamini kwamba rezo ipo na kwamba watu wa Idjwi wanamdanganya wanaposema wamempigia. Ugomvi wa namna hii nimeusikia kati ya wenye biashara, kati ya mume na mke pia, na mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Chaji iliyokwisha usiku ina sababu iliyo karibu na hiyo. Simu inayopokea kwa udhaifu huongeza nguvu ya kutuma ili isikike mnarani, na kwenye 2G ya 900 MHz inaweza kufikia wati 2. Inapopoteza mtandao kabisa huanza kutafuta upya, bila kupumzika. Kwa Panzi kuna jambo la ziada: ng'ambo ya Ruzizi kuna minara ya Rwanda ambayo haizuiliwi na kilima chochote, na simu iliyoachwa ichague mtandao yenyewe huijaribu mmoja baada ya mwingine. Ikikubaliwa na mmoja wao, mwenye simu hulipia hata simu anazopokea, kwa bei ya aliye nje ya nchi. Kwa hiyo kabla ya yote tuliingia kwenye mipangilio, tukazima utumiaji wa data nje ya nchi, tukaondoa uchaguzi wa kujiendesha na kuuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Kwa wanaokaa karibu na Ruzizi ningependa jambo hili lifanywe siku ile ile kadi inaponunuliwa.

Saa nazo zina neno. Jioni watu wanarudi majumbani, kila mmoja anafungua intaneti, na mnara mmoja unagawana nguvu zake kwa wengi. Kwenye 3G, eneo linalofikiwa na mnara hupungua kadiri watumiaji wanavyoongezeka, hivyo nyumba iliyo ukingoni mchana hujikuta nje usiku. Umeme unapokatika, mnara hutegemea betri na jenereta, na betri zikiisha kabla mafuta hayajafika, mtaa mzima hunyamaza. Anayepima saa nne asubuhi akaridhika amepima kitu ambacho hatakitumia.

Baada ya vipimo ilidhihirika kwamba kuhama kwenyewe hakukuwa kosa, kwa kuwa chumbani mtandao mpya ulikuwa na 4G iliyo bora waziwazi kuliko ya mtandao wa zamani. Kilichomuumiza ni kuhama na kila kitu kwa pamoja, kana kwamba namba, pesa, WhatsApp na intaneti ni mzigo mmoja usiogawanyika. Kwetu namba imefungwa na mtandao wake. Anayehama hupewa nyingine, na tarakimu za mwanzo, kama 081, 097 au 084, zinamtambulisha kwa kila mtu. Kwa mfanyabiashara, namba ya miaka kumi ni sehemu ya mtaji. Isitoshe, kadi iliyofungwa kabatini haikai salama milele, kwa sababu namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ataweza kuifungulia WhatsApp yake na kupokea simu za wadeni na wadai wako.

Tulianza, basi, kwa kuitoa kadi ya zamani kwenye kitambaa na kuitia kwenye simu ndogo ya vibonye yenye tochi, ambayo mama alikuwa nayo bila kuitumia. Simu hiyo ya 2G haina kushuka wala kupanda. Ikawekwa kwenye dirisha la mbele, upande wa mlango, na ikaanza kupokea jioni hiyo hiyo. Kadi mpya ikabaki kwenye simu ya kisasa kwa ajili ya intaneti. Wengine wangemshauri aweke kadi zote mbili kwenye simu moja, kama wanavyofanya watu wengi mjini, na kwa mtu asiye na simu ya pili ni sawa, lakini ajue kwamba katika simu nyingi za namna hiyo, unapozungumza kwenye kadi moja nyingine haipatikani, na kwamba kwenye zile za miaka iliyopita tundu la pili hupokea 2G peke yake.

WhatsApp ilirudi kwenye namba ya zamani. Hapa watu wengi hukwama bila sababu, wakidhani kwamba WhatsApp ya namba fulani lazima itumie mega (data) za kadi ya namba hiyo. Kadi ya namba huhitajika wakati wa kupokea ujumbe wa kuthibitisha tu. Baada ya hapo programu hutumia intaneti yoyote iliyopo, iwe ya kadi nyingine au ya jirani. Tulipokea ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu ndogo, tukauandika kwenye simu kubwa, tukaweka pia namba ya siri ya tarakimu sita ili asiwepo mwingine wa kuichukua akaunti. Vikundi vikamwona mama tena kwa namba wanayoijua, huku mega zikitoka kwenye mtandao mpya.

Kilichobaki kilikuwa zile nyakati ambapo hata simu ndogo ya dirishani haipatikani. Kwa ajili hiyo mitandao ya GSM ina amri ya kuelekeza simu kwenye namba nyingine pale tu mwenye namba asipopatikana: mtu huandika **62*, kisha namba ya kupokelea, kisha #, na kupiga. Mtandao ukiruhusu, huduma huanza kazi papo hapo, na ##62# huiondoa. Mama alisita. «Mwanangu, hizo namba za nyota zitanila inite,» aliniambia, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa hakuna aliyesahau makato ya RAM, ile ada ya kusajili simu iliyokatwa kwenye inite, yaliyoanza 2020 na kufutwa 2022. Nilimweleza kwamba mpigaji hulipia sehemu yake kama kawaida, na yeye hulipia ile safari ya kutoka namba ya zamani hadi namba mpya, kwa simu zilizoelekezwa peke yake. Baada ya kupiga hesabu ya faida ya mfuko mmoja anaoukosa, alikubali.

Pesa za simu zilibaki kwenye namba ya zamani, dola upande wake na faranga upande wake, na kwenye namba mpya akafungua akaunti ya pili kwa matumizi madogo ya kila siku. Ila hapo tuligundua jambo ambalo naliona zito kuliko rezo yenyewe. Kadi ya zamani haikuwa imesajiliwa kwa jina lake. Ilisajiliwa kwa kadi ya mpiga kura ya mtoto wa dada yake, ambaye wakati ule ndiye aliyetumwa kuinunua, na ambaye sasa anaishi Uvira. Kama simu ingeibwa sokoni, mama asingeweza kupewa kadi mbadala yenye namba ile ile, kwa maana kwenye vitabu vya mtandao si yake, na akiba iliyomo ingemsubiri mtu mwingine. Wangapi kati yetu wako hivyo, kwa namba zilizonunuliwa na kaka, na mume, na kijana wa kabine aliyekuwa na haraka! Kijana alipokuja Bukavu kwa shughuli zake, walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mtandao, kila mmoja na kitambulisho chake, na umiliki ukahamishwa. Tangu M23 ilipouteka mji Februari 2025, mabenki ya mjini yalipofunga milango na watu wengi wakategemea simu kwa malipo, usajili huo umekuwa na maana kubwa kuliko tulivyodhani siku ile.

Sioni haki kwamba mama muuza sambaza ajifunze kusoma dBm ili apokee simu ya biashara ndani ya nyumba yake. Kuna sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inayotawala mawasiliano ya simu nchini, na kuna ARPTC, mamlaka inayoyasimamia. Malalamiko yanayotaja kata, avenyu, saa na kipimo yana uzito ambao malalamiko ya «rezo ni mbaya» hayana, na kwa sababu hiyo nilimwandikia mama barua kwa mtandao wa zamani, ikieleza kivuli cha mteremko wake na vipimo vya chumbani, mlangoni na uani. Majirani wa upande wa chini waliitia saini pia. Ofisi ya mtandao iliipokea barua na kuipiga muhuri. Mnara wa kuelekea upande wetu bado haujajengwa.

Simu za jioni sasa zinapokelewa Panzi karibu zote. Zinazokosekana ni zile za Idjwi, siku ambazo mnara wa huko unazimika, na kwa hizo hakuna mpangilio wa simu ya mama unaoweza kusaidia. Amekubaliana na wenye mzigo kwamba siku hizo watume idadi ya mifuko na bei kwa ujumbe mfupi mara rezo inaporudi, kwa kuwa ujumbe huo hupita hata kwenye mawimbi yasiyotosha mazungumzo, naye hujibu kabla ya boti kupakiwa.